Upepo wa Mbisho Katika Damu ya Wiebren

Wiebren Hoeksma alikosa harufu. Hakunusa kahawa, hakunusa samadi inayomwagwa mashambani mwezi wa Aprili, na siku maziwa yake yalipoungulia jikoni ni mimi niliyenusa kutoka ng'ambo ya barabara. Alikosa sauti: ile aliyowapigia kelele manahodha wa mashua za mizigo kutoka juu ya daraja ilibaki mnong'ono. Alikosa mwandiko, maana herufi zake zilianza mstari zikiwa ndogo na kuumaliza zikiwa kama mbegu za ufuta. Alikosa uso wa kuchekea. Kicheko kilikuwamo ndani, lakini uso ulikaa kama mlango uliofungwa, na wageni walidhani amenuna. Mkono wake wa kushoto ulisahau kuyumba anapotembea. Vifungo vya shati vilimshinda. Hakuwa na mke, kwa kuwa Sietske alishafariki miaka sita nyuma. Tena alikosa namna ya kupita mlangoni. Akifika kizingitini miguu iliganda sakafuni, naye akasimama pale pale huku sisi wengine tukisubiri nyuma yake na sahani za keki mikononi.

Huo ndio ugonjwa wa Parkinson. Alikuwa nao mwaka wa saba.

Kitu kimoja hakukikosa, nacho ni baiskeli. Asiyeona kwa macho yake haamini, lakini madaktari wanalijua jambo hili, ingawa hawajamaliza kulieleza. Mtu anayehitaji dakika tatu kuvuka jiko lake, mpeleke mpaka kwenye baiskeli, mwekee mkono kwenye usukani. Anainua mguu, anapanda, anapiga kengele, huyo ameondoka! Miguu iliyoganda kizingitini inazungusha pedali kama ya kijana. Wiebren alikuwa akisema kwamba ardhi imemsahau lakini magurudumu bado yanamkumbuka.

Mimi ni Harke Bouwstra, jirani yake. Nilianza kazi kiwandani kwa kuosha matangi ya maziwa, nikasoma shule ya jioni majira matano ya baridi, kemia na hesabu, baada ya zamu, na nikastaafu nikiwa mpimaji katika maabara ya kiwanda kile kile. Nalitaja hili kwa sababu linahusika na habari yenyewe. Basi, nakiri, nalitaja pia kwa sababu napenda kulitaja.

Kijiji chetu kiko kando ya mfereji, na mwisho wa kijiji kuna daraja la kuinuliwa ili mashua zipite. Wiebren alililinda daraja hilo miaka thelathini na minane. Sasa linainuliwa na mtu aliye mbali anayetazama kwenye kioo cha kompyuta, na Wiebren hamsamehi mtu huyo, ingawa hawajawahi kuonana. Ng'ambo ya daraja kuna barabara nyembamba ya baiskeli, kilomita kumi na tisa mpaka hospitali ya mjini, yote kuelekea magharibi, yote uwanda mtupu.

Majira ya baridi yaliyopita Wiebren alianguka. Hakuanguka kwenye baiskeli. Alianguka kwenye ngazi mbili za jikoni, akavunjika kifundo cha mkono. Binti yake Jeltje, mwalimu anayeishi mjini, alikuja siku hiyo hiyo, akamkalisha kitini, akamtaka atoe ahadi.

"Baba, ndani ya kijiji endesha utakavyo. Lakini daraja usivuke."

"Daraja langu?" Wiebren alinong'ona.

"Ndiyo, daraja lako. Niahidi."

Akaahidi. Mwezi wa tatu akavuka.

Ilikuwa hivi. Hospitalini walianza utafiti, na Wiebren alijiandikisha wa kwanza kutoka kijijini kwetu. Kila miezi minne alitakiwa atolewe damu, na siku hiyo hiyo apimwe dalili zake zote. Katika damu walitafuta viashiria vya uvimbe, yaani ule moto mdogo ambao mwili huuwasha ndani unapopambana na kitu. Swali lao lilikuwa hili: moto huo ukipanda, je, mtetemo, kukakamaa kwa mwili na kuganda kwa miguu huongezeka nao? Jeltje alimpangia gari la wazee, lile linaloendeshwa na majirani kwa kujitolea. Wiebren akampigia simu dereva kwa sauti yake ndogo. Dereva alisikia maneno mawili tu, "si lazima," akarudi kwenye bustani yake.

"Harke," Wiebren aliniambia asubuhi ile, ameshika baiskeli yake, "unakuja, au unaogopa upepo?"

"Na Jeltje je?"

"Jeltje anafundisha mpaka saa tisa."

Ningeweza kukataa. Badala yake niliingia ndani kuchukua kofia.

Upepo wa nchi yetu unatoka magharibi, na siku ile ulikuja na hasira zake zote. Ulikuwa wa mbisho, usoni moja kwa moja, tangu darajani mpaka mlango wa hospitali. Mimi niliendesha upande wa upepo ili nimkinge, yeye akiinama juu ya usukani, na mara mbili alinipita kwa makusudi.

"Mtu wa maziwa!" aliniambia kila aliponipita. "Umeganda mtindi?"

Tulifika tumelowa mgongoni. Muuguzi akatupa fomu, na kwa kuwa herufi za Wiebren hazisomeki bila kioo cha kukuzia, nilimjazia mimi, nikimsomea maswali kwa sauti. Kama ana homa, hapana. Jino linalouma, hapana. Kidonda, hapana. Swali la tisa lilisema: "Katika saa ishirini na nne zilizopita, umefanya mazoezi mazito ya mwili?"

"Mazoezi?" Wiebren alisema. "Kwa umri huu? Mimi mtu wa kuruka ruka na mpira?"

Nikaweka alama kwenye "hapana", kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri. Akatolewa vichupa vitano vya damu. Kisha wakampima: kugonga vidole, kuinuka kitini, kutembea kwenye ukumbi mrefu, kuchora duara linalojizungusha kama konokono. Alitembea ukumbini vizuri mpaka muuguzi akaangalia tena jina kwenye karatasi, kuona kama huyu ndiye mgonjwa mwenyewe.

Kurudi, upepo ulitusukuma. Tuliimba njia nzima.

Mwezi wa saba tukafanya vile vile, kwa upepo wa mbisho tena, kwa fomu ile ile, na swali la tisa likapata jibu lile lile.

Mwishoni mwa Agosti Daktari Wijnalda, mwenye utafiti, alimwita Wiebren aje na mtu wa familia. Jeltje alikuja kutoka shuleni kwake, na Wiebren alikuja na gari la wazee, safari hii kwa haki. Mimi niliingia kama mwandishi wake. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, anayepiga meza kidogo anapofurahi. Alitufungulia mchoro wenye nukta zaidi ya mia mbili, kila nukta mtu mmoja. Kadiri nukta ilivyokuwa juu, damu ilikuwa na moto zaidi, na kadiri ilivyokuwa kulia, dalili zilikuwa nzito zaidi.

"Bado ni mapema," alisema, "wala sitaki kuwadanganya, hatujui mwisho wake. Lakini oneni hili wingu la nukta, linapanda kidogo kuelekea kulia. Halafu oneni hapa." Akaweka kalamu juu kabisa kushoto, mahali palipokuwa na nukta moja iliyojitenga na wenzake. "Huyu ni wewe, Mzee Hoeksma. Damu yako inawaka kuliko karibu wote, na bado unatembea kuliko karibu wote. Mara mbili mfululizo! Wewe ni nukta yangu ya ajabu."

Uso wa Wiebren haukubadilika, lakini mimi nilimjua. Ndani alikuwa anacheka mpaka masikioni.

Jeltje hakucheka. "Inawaka kwa sababu gani?"

"Huenda kuna kitu kimejificha," daktari alisema. "Jino, kibofu, mapafu. Tutampima tena mwezi wa kumi na moja. Ikiwa juu tena, tutamchunguza mwili mzima, na huenda tukalazimika kumtoa kwenye utafiti."

Pale ukumbini Jeltje alishika mkono wa baba yake.

"Baba, nisikilize. Kama kuna ugonjwa mwingine unakula ndani, siwezi kukuacha ukizunguka kwenye magurudumu mawili. Ukianguka mtaroni nani atasikia ile sauti yako? Damu ya Novemba ikiwa juu, baiskeli naichukua. Inakaa kwangu, bandani."

"Hata ya kijijini?"

"Hata ya kijijini."

Nimemwona Wiebren akimzika mke wake. Sikumwona akitetemeka kama siku ile.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kulalama. Wiki zile alijivuna kwa majirani kwamba damu yake ni ya pekee katika mkoa mzima, akamwambia mwokaji, akamwambia mchungaji wa kanisa. Lakini jioni alikuwa akija kwangu kunywa kahawa, na kupitia dirishani anaitazama baiskeli yake iliyoegemea ukuta.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja ya mvua, nilikuwa napanga madaftari yangu ya zamani ya maabara. Nikakuta ukurasa wa mwaka ambao mkulima mmoja alitusumbua sana. Ng'ombe akiwa na uvimbe wa kiwele, chembe fulani hujaa katika maziwa yake. Tulizihesabu kila wiki, na zikizidi maziwa hayapokelewi. Ng'ombe wa mkulima yule walikuwa na hesabu ya kutisha kila Jumatatu, na daktari wa mifugo hakuona ugonjwa wowote. Mwishowe nilienda mwenyewe shambani Jumatatu alfajiri. Nikaona mbwa wake mpya anavyowaleta ng'ombe kukamuliwa: mbio, kutoka malisho ya mbali kabisa, ndimi nje. Tulimfunga mbwa, na hesabu ikashuka. Chini ya ukurasa nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: *Kabla ya kumpima mnyama, uliza amefikaje.*

Nilikaa na ukurasa ule mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikavaa koti, nikavuka barabara.

Wiebren alikuwa mezani, anapambana na mkate na jibini.

"Wiebren, hospitalini tulifikaje?"

"Umeanza kusahau? Tulivuka daraja, tukaenda."

"Kilomita kumi na tisa. Upepo usoni. Tukalowa jasho, na robo saa baadaye wakakutoa damu."

"Basi?"

"Halafu nikaandika kwamba hukufanya mazoezi."

Aliweka kisu chini. "Hatukufanya mazoezi. Tulikuwa tunakwenda."

"Damu haijui unakwenda wapi, ndugu yangu. Jasho la namna ile linaweza kuuwasha ule moto kwa saa kadhaa. Tena nadhani ndiyo sababu ulitembea vile pale ukumbini, miguu ilikuwa imeshafunguka njiani. Ile nukta ya ajabu huenda si wewe. Huenda ni upepo."

Akausukuma mkate pembeni. Mvua ikapiga dirisha.

"Na ikiwa ni upepo," alinong'ona, "naweza kwenda na gari mwezi ujao. Damu inashuka. Jeltje hajui kitu. Baiskeli inabaki."

"Ndiyo. Unaweza."

"Na yule binti wa hospitali atabaki na nukta mbili za uongo kwenye mchoro wake."

"Atabaki nazo."

"Watu mia mbili na zaidi wanachomwa sindano ili apate mstari, na mimi ndiye ninayeuvuta pembeni." Alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena, akasimama. "Harke, miaka thelathini na minane niliandika kila mashua iliyopita. Jina, saa, upepo. Hata siku niliyolala nikachelewesha shehena ya viazi, niliandika: mlinzi alilala."

"Najua. Mimi ndiye niliyekosea fomu. Mtu wa maabara! Ningetamani nijifiche chini ya meza hii."

"Usijifiche, hutatoka tena kwa magoti yako hayo." Akashika ukingo wa meza. "Nikimwandikia daktari, Jeltje atajua nimevuka daraja. Basi lazima asikie kwanza kwangu. Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, ya sabini na sita.

Viti vilipangwa duara sebuleni, kama kawaida, na kila aliyeingia alizunguka kutoa mkono na kumpongeza kila mtu, maana kwetu siku ya kuzaliwa ni ya wote. Hongera kwa baba yako, Jeltje! Hongera kwa jirani yako, Harke! Kulikuwa na mume wa Jeltje, binamu wawili wa Sietske, na Shangazi Aafke wa nyumba ya kona, mwenye miaka themanini na tisa na dirisha linalotazama darajani. Kahawa ikapita, keki ikapita. Wiebren alikuwa hajagusa yake.

Kisha akasimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hapendi. Akaanza kusema, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba duara zima ilibidi liiname mbele, vikombe magotini, kama watu wanaoota moto.

"Nilimwahidi Jeltje sitavuka daraja. Nimevuka. Mara mbili, mwezi wa tatu na wa saba, mpaka hospitali na kurudi."

"Baba!"

"Ngoja. Harke anadhani damu yangu iliwaka kwa ajili hiyo. Fomu iliuliza kama nimefanya mazoezi, tukajibu hapana. Jibu lilikuwa si la kweli. Nitamwandikia daktari. Nilitaka ulisikie kinywani mwangu, si kwenye simu."

Jeltje alikuwa amesimama, mashavu mekundu. "Kilomita kumi na tisa! Na wewe, Mjomba Harke, mtu mzima, ukamsindikiza!"

"Upande wa upepo," nilisema. Ndilo neno pekee nililolipata.

"Na wewe mwenyewe ukajaza fomu! Uliandikaje 'hapana'?"

"Iliuliza mazoezi," nikasema.

"Mazoezi mazito," Wiebren akaongeza.

"Kwa baiskeli?" alidakia Shangazi Aafke, ameshtuka kweli. "Tangu lini baiskeli ni mazoezi? Mazoezi ni yale ya kuvaa suruali fupi."

"Baiskeli ni kwenda tu," alisema binamu mmoja.

"Haswa," akasema mwenzake. "Mimi nimekuja na yangu leo kutoka ng'ambo ya pili, mvua usoni, na sijafanya mazoezi tangu shule ya msingi."

Mume wa Jeltje, mtu mpole, alikohoa. "Mpenzi, mwezi wa sita wewe mwenyewe ulijaza fomu ya bima. Mazoezi kwa wiki. Uliandika ngapi?"

Jeltje akamgeukia mumewe. 

"Niliandika sifuri," alisema taratibu.

"Na unaenda kazini kwa usafiri gani?"

"Kwa baiskeli. Kilomita nane kwenda, nane kurudi." Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akatazama duara zima la watu wale wenye vikombe magotini, na hasira ikamponyoka kabla hajaweza kuishika. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa kitambaa cha keki, na sisi sote tukacheka naye. Wiebren alicheka kwa mabega, kwa maana uso haukuweza.

"Lakini nilikuwa najua," Shangazi Aafke alisema tulipotulia. "Machi niliwaona wakipita. Nikasema, yule Hoeksma anavuka kama kijana, na yule wa maziwa nyuma anatweta."

"Na hukuniambia, Shangazi?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Mimi natazama tu."

Jeltje akaweka kitambaa cha keki chini. Kisha akamgeukia baba yake, na sasa sauti yake ilikuwa tofauti.

"Sijawahi kukuona ukiendesha, unajua? Tangu uugue. Nakuona mlangoni tu, umeganda. Kesho asubuhi nionyeshe."

Jeltje na mumewe walilala pale usiku ule. Jumapili mvua ilikuwa imekwisha na upepo umebaki. Nilipofika, Jeltje alikuwa amesimama uani na baiskeli yake, na Wiebren alikuwa kizingitini, ameganda. Jeltje alinyoosha mikono amvute. Mimi nikatikisa kichwa. Wiebren alihesabu kwa mnong'ono, moja, mbili, akainua goti juu kama anaruka kamba, akatoka. Hatua kumi ndogo ndogo mpaka ukutani. Akashika usukani, akapiga kengele, na kabla binti yake hajaketi vizuri kwenye tandiko, alikuwa ameshakata kona ya kanisa.

"Baba! Ningoje!"

Tulikizunguka kijiji mara mbili. Jeltje aliendesha nyuma yake, na nilimwona akimtazama miguu, akimtazama mgongo, na mara ya pili aliacha kutazama, akaendesha tu.

Tukarudi mezani. Wiebren alitaka kuandika papo hapo, kabla mkono haujakakamaa tena. Jeltje alisema tunaweza kupiga simu, au kutuma ujumbe wa kompyuta, dakika moja tu.

"Kosa la daftari," Wiebren alimjibu, "halifutwi. Unapiga mstari mmoja, la zamani libaki linasomeka, unaandika la kweli juu yake, unaweka tarehe na jina. Kwa mkono wako."

Nilimpigia mistari kwenye karatasi, mipana kama ya mtoto wa darasa la kwanza, ili herufi zake ziwe na mahali pa kufikia. Kisha akatoa kijidaftari chake. Mpaka leo huandika upepo wa kila siku, unakotoka na nguvu yake kwa namba, mazoea ya darajani, kwa herufi ambazo nilihitaji kioo kuzisoma. Nilimsomea, naye akaandika, ulimi nje, herufi zikigusa juu na chini kama alivyokusudia:

*Daktari Wijnalda mpendwa. Fomu ya tarehe kumi na nne Machi, swali la tisa, isomeke: ndiyo. Baiskeli, kilomita 19, upepo wa magharibi, nguvu sita. Fomu ya tarehe kumi na moja Julai, swali la tisa, isomeke: ndiyo. Baiskeli, kilomita 19, upepo wa kusini-magharibi, nguvu tano. Sikusema uongo kwa kukusudia. Nilidhani nakwenda tu. Kama hali hii inanitoa kwenye utafiti, nitoe. Kama hainitoi, nina ombi. Mwezi wa kumi na moja nitolee damu mara mbili: siku moja nije kwa gari, siku nyingine nije kwa baiskeli, ili ujue ipi ni mimi na ipi ni upepo. Nakushauri pia ubadilishe swali la tisa. Katika nchi hii uliza: umefikaje?*

"Hilo la mwisho ni langu," nilisema.

"Lako?"

"Limo kwenye daftari langu la ng'ombe."

"Basi tia sahihi nawe. Kosa lilikuwa la watu wawili."

Nikatia sahihi chini ya jina lake, Harke Bouwstra, mpimaji mstaafu, na nikaandika kwamba alama ya "hapana" ilikuwa ya mkono wangu. Kusema kweli nilijisikia mrefu zaidi nilipomaliza kuliko nilipoanza.

Jeltje alikuwa ameisoma barua juu ya bega la baba yake. Alichukua kalamu, akaongeza mstari mmoja pembeni, bila kuomba ruhusa: *Siku ya baiskeli nitakuja naye mimi. Binti yake.*

Wiebren aliusoma. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Na banda lako?"

"Banda langu limejaa, Baba. Hakuna nafasi ya baiskeli nyingine." Akamrekebishia kola. "Lakini peke yako hapana. Daima na mtu upande wa upepo. Mimi, au huyu mzee wako anayetweta."

"Sitweti," nilisema.

Wiebren akakunja karatasi mara tatu. Vidole vilikuwa vimeanza kutetemeka tena, lakini alikataa msaada. Akaiingiza kwenye bahasha, akalamba gundi, akakunja uso kwa ladha yake, na huo ndio ulikuwa mkunjo mkubwa kuliko yote niliyoiona usoni mwake mwaka ule.

"Pua imekufa," alisema, "lakini ulimi bado. Gundi ni mbaya vile vile."

Akaifunga kwa kuikandamiza na ngumi, nikabandika stempu.

Sanduku la posta la kijijini liliondolewa miaka mitatu iliyopita. Lililobaki liko ng'ambo ya daraja, chini ya taa ya barabara ya baiskeli. Tulitoka watatu, Jeltje upande wa upepo. Darajani Wiebren alipunguza mwendo, akaweka mguu mmoja chini, akamgeukia binti yake, bahasha imechomoza kwenye mfuko wa koti.

"Vuka, Baba," Jeltje alisema. "Ni daraja lako."

Alivuka akipiga kengele kuanzia ubao wa kwanza mpaka wa mwisho, ili yule mtu wa kwenye kioo amwone. Alisimama sandukuni bila kushuka, akaegemea kwa mkono mmoja, na kwa ule wa kushoto, uliosahau kuyumba, akaisukuma bahasha ndani. Tukaisikia ikianguka.